Kinachostahili Kubaki Begini: Tathmini ya Vinywaji vya Wanamichezo Chipukizi

Kwa msimu mzima nimekuwa nikikagua vinywaji vinavyoingia katika mabegi ya vijana ninaowafundisha mpira na mbio, wenye umri wa miaka 10 hadi 16, na kila kimoja nimekionja mwenyewe na kusoma lebo yake kabla ya kukitolea hukumu. Nimeyapima maji matupu, vinywaji vya wanamichezo vyenye sukari na visivyo nayo, vidonge vya chumvi vinavyoyeyushwa katika maji, maji ya dafu ya pakiti, juisi ya matunda na maziwa. Kinywaji cha kuongeza nguvu nimekiingiza shingo upande, kwa kuwa hujitokeza mabegini hata baada ya kukatazwa. Nilitaka kujua ni kipi mtoto atakinywa bila kusukumwa, kipi kitatulia tumboni anapokimbia, kipi kinarudisha kile ambacho jasho limekitoa, na kipi kinaacha madhara baada ya filimbi ya mwisho.

Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa sehemu kubwa ya mazoezi ya kijana, maji matupu yanatosha, na kinywaji cha wanamichezo ni kifaa cha kazi maalumu ambacho kimegeuzwa kuwa kinywaji cha kila siku. Tofauti ya hayo mawili haionekani upande wa mbele wa chupa, penye picha ya umeme na matone ya jasho. Inaonekana nyuma, kwenye jedwali la herufi ndogo, na pia kwenye mizani.

Mizani ndiyo iliyonifundisha zaidi kuliko matangazo yote. Kijana akipimwa kabla na baada ya mazoezi akiwa na nguo chache na kavu, kila kilo aliyopungua ni takriban lita moja ya maji ambayo hakuyarudisha. Wataalamu wa tiba ya michezo wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2007, walishauri kwamba mchezaji asiachwe kupungua zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake, jambo ambalo kwa mtoto wa kilo 40 ni gramu 800. Katika mazoezi yetu ya saa moja ya jioni, wengi wa vijana wangu hawakufika hata nusu ya kiwango hicho, na waliofika walikuwa wale waliokuja tayari na kiu kwa sababu hawakuwa wamekunywa kitu tangu asubuhi. Hapo ndipo nilipoanza kutilia shaka gharama zote zinazotumika kwenye chupa za rangi, kwa sababu tatizo la vijana hao lilikuwa limeanza saa nyingi kabla ya mazoezi, na hakuna kinywaji cha uwanjani ambacho kingeweza kuliondoa kikamilifu.

Maji, basi, ndiyo niliyoyaweka mbele. Hayana sukari, hayana asidi, hayachafui chupa, na mtoto akijimwagia kichwani hayamnati. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2011 kuhusu mazoezi kwenye joto, walitaja mililita 100 hadi 250 kila baada ya dakika 20 kwa mtoto wa miaka 9 hadi 12, na hadi lita moja au moja na nusu kwa saa kwa kijana aliyebalehe anayetoka jasho jingi. Kwa lugha ya uwanjani, mtoto mdogo anahitaji mafunda kadhaa kila mapumziko mafupi, si chupa nzima kwa mara moja mchezo unapokwisha. Nilipoyaleta maji yakiwa ya baridi ya wastani, si ya barafu, yalipungua kwenye chupa haraka kuliko yale yaliyokuwa yameachwa juani, na hilo pekee lilileta mabadiliko makubwa kuliko aina yoyote ya unga niliyojaribu kuongeza.

Hata hivyo maji yana udhaifu mmoja ambao ni lazima niuseme kwa haki: watoto huyasahau. Kauli inayorudiwa viwanjani kwamba anayesikia kiu tayari amechelewa imetiwa chumvi, maana kiu ni kipimo kizuri kwa watu wengi. Lakini mtoto aliyezama katika mchezo huipuuza kiu kama anavyoipuuza sauti ya mama yake akimwita nyumbani. Oded Bar-Or na wenzake katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada walilichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na mojawapo ya matokeo yao ya miaka ya 1990 ni kwamba wavulana waliofanya mazoezi kwenye joto walikunywa zaidi pale maji yalipotiwa ladha, na zaidi tena pale yalipoongezwa sukari na chumvi kidogo. Matokeo hayo yametumiwa sana kuuza vinywaji vya rangi, ingawa mimi nayasoma kwa namna nyingine. Ikiwa ladha ndiyo inayomvuta mtoto, kipande cha ndimu au majani machache ya mnanaa ndani ya chupa hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila kijiko hata kimoja cha sukari. Nilipojaribu hivyo, watatu kati ya wale waliokuwa wakirudi nyumbani na chupa zilizojaa walianza kurudi nazo tupu. Wanne hawakubadilika, nao nilibaki kuwakumbusha kwa majina.

Sasa nije kwenye kinywaji cha wanamichezo, ambacho ndicho kilichonichukulia muda mrefu zaidi. Asili yake inaeleza mengi. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Florida nchini Marekani, daktari Robert Cade na wenzake waliulizwa na kocha msaidizi ni kwa nini wachezaji wake wa futiboli ya Kimarekani walikuwa wakipoteza uzito mwingi na hawaendi haja ndogo wakati wa mchezo. Jibu lao lilikuwa mchanganyiko wa maji, sukari na chumvi, ambao baadaye ukawa Gatorade. Waliokusudiwa walikuwa vijana wakubwa wenye miili mizito, waliovaa kofia ngumu na kinga za mabega, wakigongana kwa saa kadhaa kwenye joto kali lenye unyevu. Kwa watu hao na kazi hiyo, kinywaji kile kilikuwa na mantiki kamili. Mtoto wa miaka 11 aliyefanya mazoezi ya dakika 45, zikiwemo dakika 15 za kusimama kwenye foleni akisubiri zamu ya kupiga mpira, si mtu yule wala kazi ile.

Tuangalie kilichomo. Vinywaji vingi vya aina hii vina sukari ya karibu gramu 6 katika kila mililita 100, hivyo chupa ya nusu lita hubeba gramu 30 hivi, sawa na vijiko saba na nusu vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilipendekeza sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na likaeleza kuwa kushuka chini ya asilimia 5 kuna manufaa zaidi. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000, asilimia hizo ni gramu 50 na gramu 25. Chupa moja tu, iliyonywewa na mtoto ambaye pengine anahitaji chini ya kalori hizo, inavuka kiwango cha chini na kubakiza nafasi ndogo kabla ya kufika kile cha juu. Mara nyingi mzazi hufungua chupa hiyo kwa nia njema kabisa, tena garini wakati wa kurudi nyumbani, saa ambayo misuli haidai tena sukari ya haraka na chakula cha jioni kinakaribia.

Chumvi iliyomo ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Lita moja huwa na sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, ya takriban miligramu 450, kiasi ambacho kwa kawaida ni pungufu ya ile iliyomo katika lita moja ya jasho. Kwa mazoezi mafupi, chumvi ya mlo wa kawaida huifidia hasara hiyo bila msaada. Lakini mazoezi yakivuka saa moja kwa nguvu kubwa, au kukiwa na mashindano ya siku nzima ambapo timu inacheza mechi ya pili na ya tatu huku nafasi ya kula ikiwa finyu, hali hubadilika. Katika siku mbili za namna hiyo nilizosimamia msimu huu, wachezaji waliotumia kinywaji hiki kati ya mechi walirudi uwanjani wakiwa wachangamfu kuliko nilivyotarajia, na sitakuwa mnafiki wa kukataa kwamba sukari yake ilisaidia. Kiwango cha asilimia 6 hakikuchaguliwa ovyo: sukari ikizidi sana hapo, tumbo huchelewa kutoa maji kwenda utumbo mwembamba, ambako glukosi (aina ya sukari) na sodiamu husaidiana kupita kwenye ukuta wa utumbo na kuyavuta maji pamoja nazo. Kama kifaa cha siku ndefu, kimepita mtihani wangu.

Kinapoanguka ni kwenye meno. Vinywaji hivi vina asidi ya kutosha kulainisha tabaka gumu la nje la jino, ambalo huanza kudhoofika pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) inaposhuka chini ya takriban 5.5, ilhali vingi vya hivi viko kati ya 3 na 4. Tabia ya kunywa kidogo kidogo kwa saa mbili, ambayo kwa maji ni sifa njema, kwa kinywaji chenye asidi na sukari ndiyo inayoliumiza jino zaidi, kwa kuwa mate hayapati muda wa kurudisha hali ya kinywa. Kijana akikitumia, anywe kwa mkupuo wakati wa mapumziko, kisha asukutue kwa maji.

Toleo lisilo na sukari la kinywaji hichohicho lilinishangaza kwa udogo wa sababu ya kuwepo kwake. Limeondoa sukari, ambayo ndiyo iliyokuwa na kazi katika siku ndefu, likabakiza asidi na rangi. Kwa mazoezi mafupi halizidi maji kwa lolote isipokuwa ladha, na kwa mazoezi marefu halina nishati.

Vidonge vinavyotoa povu vikiyeyushwa majini nimevipenda zaidi ya nilivyotegemea, ijapokuwa sivipendekezi kwa kila mtu. Vingi vina sukari kidogo sana au havina kabisa, na kiasi cha sodiamu hutofautiana mno kati ya kampuni moja na nyingine, hivyo lebo haina mbadala. Nina mchezaji mmoja ambaye jasho lake huacha mistari myeupe ya chumvi kwenye fulana na kofia. Kwake yeye kidonge kimoja katika chupa ya mchezo mrefu kilifaa, na kikombe cha supu yenye chumvi baada ya mchezo kilifaa vilevile. Wenzake waliokitumia kwa kumwiga hawakupata chochote zaidi ya haja ya kwenda msalani. Tusivichanganye vidonge hivi na chumvi za kuhara za kunywa, ambazo fomula yake ya mwaka 2002 ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ina sodiamu takriban mara tatu au nne ya kinywaji cha wanamichezo. Hiyo ni dawa ya mgonjwa aliyepoteza maji kwa kuhara, na si kinywaji cha kukata kiu cha mtoto mzima wa afya.

Maji ya dafu yana sifa nyingi, na sehemu yake ni ya haki: ni mepesi, sukari yake ni pungufu ya ile ya juisi, na yana potasiamu kwa wingi. Kasoro yake ni kwamba jasho hupoteza hasa sodiamu, na sodiamu ndiyo iliyo haba humo. Kwa ladha nayapa alama za juu. Kwa kazi hayazidi maji yaliyoambatana na mlo.

Juisi halisi ya matunda ina sukari ya karibu gramu 10 kwa kila mililita 100, na uwanjani ilikuwa ya kwanza kuleta malalamiko ya tumbo. Soda nayo iko hapohapo kwa sukari, ikiwa na gesi juu yake, na sina zaidi la kusema kuihusu. Lakini juisi ina njia ya kuokolewa ambayo naipendekeza kwa mzazi asiyetaka kununua chupa za rangi kwa ajili ya siku za mashindano: nusu lita ya juisi, nusu lita ya maji, na gramu moja ya chumvi, ambayo ni kiasi kidogo tu kwenye ncha ya kijiko cha chai. Mchanganyiko huo hutoa sukari ya gramu 5 kwa mililita 100 na sodiamu ya takriban miligramu 390 kwa lita, yaani jirani kabisa na kinywaji cha dukani. Nilipowapa wachezaji bila kuwaambia ni nini, wengi waliukubali, na mmoja aliuliza ni wa kampuni gani.

Maziwa hayafai katikati ya mchezo, kwa sababu ni mazito tumboni. Baada ya mchezo ni habari nyingine. Ron Maughan na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 wa kulinganisha vinywaji 13, waligundua kuwa maziwa yalibaki mwilini kwa saa zilizofuata kuliko maji matupu. Washiriki walikuwa wanaume wazima waliopumzika, hivyo sitayahamishia matokeo hayo kwa watoto moja kwa moja, lakini sababu yake inaeleweka: maziwa yana protini na mafuta, ambavyo huyafanya yatoke tumboni polepole, pamoja na sodiamu na potasiamu, ambazo husaidia mwili kuyashikilia maji. Kwa kijana asiyedhurika na maziwa, glasi moja anapofika nyumbani humpa maji, protini ya misuli na kalisi kwa pamoja. Anayedhurika nayo apate maji na mlo, wala hakosi kitu kikubwa.

Kinywaji cha kuongeza nguvu sikipi alama yoyote. Kosa ninalokutana nalo zaidi kwa wazazi ni kudhani kuwa hiki na kinywaji cha wanamichezo ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa hupangwa rafu moja na vyote hujigamba kwa nguvu. Kimoja ni maji yenye sukari na chumvi. Kingine ni kafeini yenye sukari. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitaja mwaka 2015 kiwango cha miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo ya uzito kwa siku kama kisicholeta wasiwasi kwa watoto na vijana. Kijana wa kilo 40, kwa hesabu hiyo, ana nafasi ya miligramu 120, na mkebe wa nusu lita wenye miligramu 32 kwa kila mililita 100 humpa 160 kwa mkupuo. Moyo humwenda mbio kabla hata hajaanza kukimbia, na akinywa jioni usingizi wake unavurugika, ilhali usingizi ndio unaomjenga mwanamichezo anayekua. Madaktari wa watoto wa Marekani walisema bila kuuma maneno, mwaka 2011, kwamba vinywaji hivi havina nafasi katika lishe ya watoto na vijana. Lithuania iliviwekea marufuku ya kuuzwa kwa walio chini ya miaka 18 mwaka 2014. Mimi nilianza kwa ushauri mpole, nikamaliza kwa sheria ya timu.

Lipo pia jambo la kunywa kupita kiasi, ambalo makocha wenye bidii kama mimi tunapaswa kulisikia. Maji mengi kuliko jasho huzimua sodiamu ya damu, na katika hali mbaya ubongo huvimba. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kiwango cha kawaida. Kuongezeka uzito njiani kulikuwa miongoni mwa dalili za walio hatarini. Vijana wangu hawakimbii marathoni, lakini mizani inayofichua aliyekunywa kidogo humfichua pia aliyezidisha. Mtoto akimaliza mchezo akiwa mzito kuliko alivyoanza, amekunywa kuliko alivyohitaji, na kumlazimisha chupa nyingine ni kosa, hasa akilalamika kichwa na kichefuchefu.

Mwisho ni chupa yenyewe, maana nimejaribu tatu. Ile ya chuma yenye kuta mbili iliyahifadhi maji yakiwa baridi hadi mwisho, ila ni nzito, haiminyiki, na kocha haoni kilichobaki ndani. Ile yenye mrija ilipendwa na wadogo, lakini baada ya wiki tatu nilikuta ukungu mweusi ndani ya mrija ambao brashi ya kawaida haikuufikia. Iliyoshinda ni ya plastiki laini inayopitisha mwanga, ya mililita 750, yenye mdomo mpana wa kuingiza brashi na alama za ujazo ubavuni. Kila moja imeandikwa jina kwa wino usiofutika, kwa kuwa kuchangia chupa ni kuchangia mate, na matumbwitumbwi hayahitaji mlango mwingine.

Kwa msimu ujao begi la timu litakuwa na mizani, dumu la maji baridi, ndimu, na pakiti mbili za juisi pamoja na kikopo cha chumvi kwa siku za mashindano pekee. Vidonge vitabaki vya yule mmoja mwenye mistari myeupe kwenye fulana.